Hati Yenye Makosa Matatu

Pale kituoni walimwita Sajenti Hodi, na mwanzoni jina hilo halikuwa la sifa. Askari wenzake walisema mwanamke yule angeweza kumfuata jambazi sugu mpaka pangoni, kisha asimame mlangoni, avue kofia na kuuliza, "Hodi, wenyewe mpo?" Walicheka mpaka wakakohoa. Yeye aliwaacha wacheke. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kupeleka hati za mahakama majumbani, za upekuzi na za kukamata, na katika miaka hiyo yote alikuwa amevunja mlango mmoja tu, tena kwa sababu mwenye nyumba alijifungia ndani, akateleza bafuni na kushindwa kuinuka.

Alikuwa na sababu yake. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, askari wanne waliingia kwao asubuhi wakitafuta marobota ya nguo yaliyoibiwa. Walimwaga unga sakafuni, wakapindua godoro, wakakanyaga nguo za mama yake kwa viatu. Hawakupata kitu. Wakatoka kama walivyoingia, bila neno. Alichokumbuka zaidi si viatu wala sauti zao. Alimkumbuka mama yake akiwa amepiga magoti, akichota unga kwa viganja, na majirani wamejaa mlangoni wakijifanya wanapita. Siku alipovaa sare kwa mara ya kwanza alijiwekea sharti moja: nyumba atakayoipekua yeye, akitoka iwe bado ni nyumba.

Sasa alikuwa amepewa mwenza mpya, Konstebo Nyundo. Nyundo alikuwa mpana kama kabati la nguo. Bega lake lilikuwa limefungua milango kumi na mmoja, na alikuwa na hadithi ya kila mlango, mbao zake na bawaba zake. Mkuu wa kituo alimhamishia kwa Sajenti kwa miezi mitatu, "akatulizwe," kama alivyosema.

Jumanne asubuhi mkuu wa kituo aliwaita ofisini, karatasi mkononi.

"Zimamoto wameibiwa," alisema.

"Wameibiwa moto?" Nyundo aliuliza.

Mkuu hakucheka. Bendi ya kikosi cha zimamoto ilikuwa imepoteza ala tano kutoka stoo: tarumbeta tatu, tromboni moja na tuba, lile bomba kubwa linalokaa mapajani mwa mpigaji kama mtoto mnene. Kufuli la stoo halikuvunjwa. Na jana mpita njia mmoja alikuja kusema kwamba amemwona kwa dirisha Fundi Bati wa mtaa wa nyuma ya soko akiing'arisha tarumbeta.

"Hakimu ameshatia sahihi hati ya upekuzi. Mkizikuta, njooni naye. Na pingu msisahau."

Walikwenda kwa miguu, maana gari la kituo lilikuwa gereji. Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali, yenye mlango wa buluu uliopakwa rangi karibuni na madirisha mawili yenye nondo. Nyundo aliutazama mlango ule kwa jicho la mtaalamu.

"Komeo moja, afande. Bega moja tu."

Sajenti alivua kofia. Akabisha mara tatu, si kwa nguvu.

"Hodi!"

"Karibu... ngoja kwanza. Nani?"

"Polisi, mama. Mimi ni Sajenti wa kituo, niko na mwenzangu mmoja. Tumekuja na hati ya mahakama."

 Kisha sauti ikasema, "Basi nipeni dakika nitafute miwani."

"Dakika!" Nyundo alinong'ona. "Kwa dakika moja mtu anaficha kila kitu."

"Tuba atalificha wapi, Konstebo? Chini ya ulimi?"

Mlango ulifunguka. Alisimama mwanamke mwembamba wa miaka sabini na ushei, aliyevaa sweta la kijani, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Aliwasalimu kwa utulivu, akajieleza kwamba yeye ni mwalimu mstaafu, amefundisha sarufi kwa miaka thelathini na minne, na kwamba nyumba ni yake na mdogo wake, fundi bati. Akanyoosha mkono.

"Naomba niisome."

Wengi walioletewa hati walitazama muhuri tu, wakaanza kutetemeka. Huyu aliisoma. Aliisoma akiwa amesimama kizingitini, mstari kwa mstari, midomo ikicheza, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu, akarudi mbele. Nyundo alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Ina makosa matatu," Mwalimu alisema hatimaye.

"Makosa?"

"La kwanza. 'Nyumba kilichopo nyuma ya soko.' Kilichopo! Nyumba imekuwa kikombe tangu lini? La pili, 'matarumbeta tatu'. Ama tarumbeta tatu, ama matarumbeta matatu. Chagueni moja mkae nalo. Hayo mawili ningeyasamehe, watu wamechoka kazini. Lakini la tatu silisamehe." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa mahakama inawaruhusu kupekua nyumba namba sabini na moja. Hii ni kumi na saba."

Kidole kikatoka kwenye karatasi kikaelekea kwenye fremu ya mlango. Namba ilikuwa pale, imeandikwa kwa rangi nyeupe, kubwa na safi: 17.

"Sabini na moja ni bohari la saruji kule mwisho wa barabara," aliendelea. "Mkipekua huko mtatoka weupe kama waokaji."

"Mama, ni tarakimu tu zimepishana," alisema Nyundo.

"Mwanangu, ukivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, utatembea mpaka sokoni ukisema ni miguu tu imepishana?"

Nyundo alikitazama kiatu chake. Akamwinamia Sajenti sikioni. "Afande, tuko hapa tayari. Mtuhumiwa yumo ndani. Mkuu anasubiri."

Sajenti aliitazama namba ile tena. Alikuwa anajua wenzake wangefanya nini: wangesema hayo mtayazungumza mahakamani, wangepita. Alikuwa anajua pia kwamba akirudi mikono mitupu kutakuwa na kicheko kingine cha wiki nzima kule kituoni. Lakini ukweli ulikuwa mbele yake, umepakwa rangi nyeupe, na mwanamke huyu hakupiga kelele wala kulia. Alikuwa amesoma tu.

"Umesema kweli, Mwalimu," alisema. "Kwa karatasi hii sina ruhusa ya kuvuka kizingiti chako. Naomba uniruhusu niyaandike hayo makosa, nimrudishie hakimu."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Andika. Kwenye daftari lako lakini, usiandike kwenye hati. Karatasi ya mahakama haisahihishwi barabarani." Alipoona ameshamaliza, akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, "Na mimi nakuahidi hakuna kitakachotoka humu mpaka urudi. Kama huniamini, mwache huyu mkubwa hapa mlangoni. Nitampa kigoda."

"Nakuamini," alisema Sajenti. "Ila nitamwacha. Kigoda kitamfaa."

Kutoka ndani kabisa mwa nyumba sauti ya mwanamume iliita, "Dada! Nani hao?"

"Polisi! Wamekosea namba! Endelea na kazi!"

Mahakamani Sajenti alimkuta hakimu akimenya chungwa kati ya kesi na kesi. Alisimama sawasawa, akaeleza, akasoma makosa kutoka daftarini kama alivyoyaandika. Hakimu aliacha kumenya.

"Nani amesahihisha haya?"

"Mwenye nyumba, mheshimiwa."

"Yaani anayepekuliwa?"

"Ndiye."

Hakimu alianza kucheka taratibu, tumbo likitangulia, kisha sauti, mpaka ikabidi aliweke chungwa mezani. Akamwita karani wa mahakama. Karani alikuja, akasikia, akanuna. Aliichapa hati upya kwa vidole viwili, kila herufi akiipiga kana kwamba imemtukana. Ilichukua saa moja na nusu, kwa kuwa mara ya kwanza ya kurudia aliandika sabini na saba.

Hakimu alipotia sahihi alimzuia Sajenti kidogo. "Yuko askari mwingine hapo kwenu ambaye angerudi?"

"Sijui, mheshimiwa. Mimi nimerudi."

"Haya. Nenda."

Aliporudi alimkuta Nyundo kwenye kigoda kilichopotea chini yake, kikombe cha chai mkono mmoja, kipande cha mkate mkono mwingine, na jasho usoni. Mwalimu alikuwa nyuma ya nondo za dirisha akifuma, na walikuwa katikati ya jambo zito.

"Kifaru?" Mwalimu aliuliza.

"Kifaru... amekuja. Si kimekuja. Maana ni mnyama."

"Na kile cha jeshi?"

Nyundo alifumba macho. "Kifaru kimekuja! Maana hakina roho!"

"Safi sana."

Nyundo alimwona Sajenti, akasimama haraka, chai ikamwagika. "Afande! Hakuna aliyetoka wala kuingia. Na nimejua kwa nini kipofu 'yupo' na si 'kipo'."

Mwalimu aliisoma hati ya pili kama alivyoisoma ya kwanza, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaufungua mlango wote. "Sasa karibuni."

"Bado kidogo, Mwalimu. Tunahitaji shahidi, mtu asiye wa kwenu wala wa kwetu. Na sisi wenyewe mtupekue kwanza, mhakikishe hatuingii na kitu."

Shahidi alikuwa Msusi wa nyumba ya pili. Alikuja na chanuo limechomekwa kichwani, na mteja wake akaja nyuma yake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akisema hawezi kuachwa katikati namna ile. Mbele yao Sajenti alitoa vilivyo mifukoni mwake: kalamu mbili, daftari, kitambaa. Nyundo akatoa vyake: pingu, ufunguo wa pingu, pipi ya mnanaa, kipande cha mkate, na picha ya binti yake aliyeng'oka meno ya mbele.

"Jamani, huyu mtoto ni wewe mtupu!" Msusi alisema. "Ila ana shingo."

Upekuzi ukaanza. Sebuleni walitazama nyuma ya kochi na ndani ya kabati la vitabu. Nyundo alitoa kitabu kimoja kimoja na kukirudisha, kwa kuwa Mwalimu alikuwa anamtazama. Chumbani waliinua godoro, wakalishusha, na Sajenti akamwonyesha Nyundo jinsi ya kukunja shuka pembeni lisiachie. Mikono ile iliyozoea milango ilikunja shuka kwa shida, ulimi nje, lakini ilikunja. Jikoni kulikuwa na pipa dogo la unga. Sajenti aliomba beseni. Akaumimina unga wote polepole, akatazama ndani ya pipa, akaurudisha bila kupoteza hata konzi moja, kisha akafuta beseni kwa kitambaa chake. Mwalimu aliacha kufuma.

Kilibaki chumba cha nyuma.

Kilikuwa karakana. Mabati yaliegemea ukuta, nyundo za kila ukubwa zimepangwa kwenye misumari, na hewa ilinuka lehemu. Katikati, juu ya shuka jeupe lililotandikwa mezani, zililala tarumbeta mbili na tromboni, na chini, kwenye mto wa kiti, lilikaa tuba. Zote ziling'aa mpaka mteja wa Msusi akaziona nywele zake humo, akapiga yowe dogo. Tarumbeta ya tatu ilikuwa mkononi mwa mwanamume mfupi wa miaka hamsini na kitu, aliyeinama juu yake na chuma cha kulehemu, aproni imejaa madoa.

Hakuna aliyejificha. Hakuna kilichofichwa.

Nyundo alishusha pumzi. Mkono wake ukaenda kiunoni kwenye pingu, na safari hii ulikwenda taratibu, kama usiotaka kufika.

Fundi Bati alizitazama zile pingu. Kisha akamtazama Sajenti. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Ngoja hii ipoe," alisema. "Inachoma."

Akaiweka tarumbeta kwenye shuka, akafuta mikono kwenye aproni, akanyoosha viwiko mbele kama mtu anayepimwa shati.

"Mwalimu," Sajenti aligeuka, "ulisoma hati. Ulijua tunatafuta nini, na ulijua ala ziko humu."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuuliza, mwanangu. Mlileta karatasi, nami nikaijibu karatasi." Aliuzungusha uzi wa miwani kidoleni. "Na nilitaka kujua kwanza ni watu gani wanaoingia kwangu. Sasa najua. Basi muulize."

Sajenti alivuta kigoda, akaketi mbele ya Fundi Bati ili macho yao yalingane.

"Kaka, hizi ala umezipata wapi?"

"Nimeletewa."

"Na nani?"

"Mtunza stoo wa zimamoto. Wiki ya tatu sasa. Zilikuwa zimebonyea, zinavuja. Akasema zinatengenezeka? Nikasema ndiyo."

"Alikupa maandishi yoyote?"

Fundi Bati akainamisha kichwa. Dada yake ndiye aliyejibu, akijipiga kifuani kwa kiganja. "Alimpa. Aliiweka mfukoni mwa suruali. Nikaifua suruali." Akaenda, akarudi na kidonge cha karatasi kigumu kama kokwa la embe. Hakikusomeka hata herufi.

"Nimempigia simu," Fundi aliongeza. "Haipatikani."

Mkuu wa kituo alikuwa amesema mkizikuta njooni naye. Sajenti alimtazama Nyundo, na ajabu, Nyundo ndiye aliyesema, "Afande, si tupige simu zimamoto kwanza? Huyu hakimbii. Tarumbeta yenyewe haijapoa."

Sajenti alipiga. Kwa zimamoto walimwambia mtunza stoo yuko likizo, mke wake alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, wako kwa wakwe mbali huko ambako simu yake haishiki. Walikuwa na namba ya mama mkwe. Sajenti akaipiga, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka polisi, namtafuta mkweo."

"Polisi!" Sauti ilipaa. "Mkwe! Mkwe wangu! Umefanya nini? Polisi wanakutaka!"

Kitu kikaanguka huko. Mtoto akalia, kisha mwingine akampokea. Mwanamume akaja simuni akihema.

"Halo! Mimi sijui lolote! Mimi nina pacha!"

Msusi aliziba mdomo kwa chanuo. Sajenti aling'ata mdomo wa chini mpaka akaweza kusema. Alimpongeza kwanza. Kisha akamuuliza kuhusu ala tano.

 Mwanamume akapaza sauti: "Mungu wangu. Mungu wangu! Sijamwambia Bendimasta!"

Yote yakatoka kwa mkupuo. Bendimasta, kiongozi wa bendi, alikuwa ameziandikia ala zile tano "chakavu" na kuzifungia stoo. Asingeruhusu mtu azipeleke kwa fundi wa mabati; kwake hiyo ilikuwa sawa na kumpeleka bibi harusi kwa fundi seremala. Mtunza stoo alizipeleka kimyakimya, akapanga kumwambia zikishapona. Usiku uleule mke wake akashikwa, akakimbia na shati moja, na tangu hapo hajui hata leo ni siku gani.

"Ni Jumanne," Sajenti alimwambia. "Na pacha ni wa kike au wa kiume?"

"Mmoja mmoja!"

"Mungu awakuze."

Alipokata simu, Nyundo alikuwa ameshazirudisha pingu mahali pake na kufunga kifungo. Mwalimu aliketi kwenye rundo la mabati, akavua miwani, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mdogo wake alimtazama kwa wasiwasi.

"Dada, usikalie hayo. Yana ncha."

Lakini kisheria kazi haikuwa imekwisha. Mlalamikaji lazima aje atambue mali yake. Sajenti alimwita Bendimasta, na Bendimasta, aliyekuwa njiani na wapigaji wake wanne wakitoka kukagua mabomba ya maji, akaja na gari alilokuwa nalo. Ndiyo sababu dakika ishirini baadaye gari jekundu la zimamoto lilipinda kona nyuma ya soko, na watu wakatoka madukani wakiuliza moto uko wapi. Wawili walikuja na ndoo.

Bendimasta alikuwa mzee mnyoofu mwenye sharubu zilizochanwa. Aliingia karakana, akazitazama ala kwenye shuka, akakunja uso.

"Hizi si zangu."

"Zitazame vizuri, mzee," alisema Sajenti.

"Zangu nazijua. Ile ilikuwa imebonyea hapa. Tromboni yangu ilikuwa na jeraha la bomba zima. Hizi ni mpya."

"Namba zake?"

Bendimasta alitoa kijitabu mfukoni, akavaa miwani, akainama. Alisoma namba ya kwanza kwenye tarumbeta, akatazama kijitabu. Akasoma tena. Ya pili. Ya tatu. Alipofika kwenye tromboni alikuwa anafuatisha kila tarakimu kwa kidole.

"Namba ni zenyewe," alisema taratibu. "Lakini namba si sauti."

Wakazitoa uani, kwa kuwa karakana haikutosha. Sajenti alikuwa ameshaandika orodha, kila ala na nambari yake ya kielelezo, na aliziita moja moja. "Kielelezo namba moja." Bendimasta mwenyewe akaichukua ile tarumbeta, akaiweka mdomoni. Alianza chini, kwa woga, kama mtu anayeonja maji kama ni ya moto. Sauti ikatoka laini. Akapanda. Akapanda tena. Kuna noti moja ya juu ambayo tarumbeta ile, kama walivyosimulia wapigaji baadaye, ilikuwa haijaifikia kwa miaka tisa; kila ikifika hapo ilikoroma kama mzee. Bendimasta alifumba macho akaiendea. Ikatoka safi, ikapita juu ya mabati, juu ya soko, na wale wawili wenye ndoo wakaziweka chini.

Aliishusha tarumbeta. Sharubu zilikuwa zimelowa. "Ni yangu," alisema. "Andika, Sajenti. Ni yangu."

Kielelezo namba mbili, tatu na nne vilichukuliwa na wapigaji wake, na kila kimoja kilipotambuliwa hakikurudi mezani. Aliyekishika aliendelea kukipiga, mwenzake akamfuata, mpaka uani pakawa na wimbo kamili unaoyumba kidogo. Mteja wa Msusi alianza kucheza, nywele za upande mmoja zikiruka. Msusi alimfuata akiwa bado anamsuka. Watu walijaa mlangoni, na hawakujifanya wanapita. Walisimama na kupiga makofi.

"Kielelezo namba tano," Sajenti alipaza sauti. "Tuba!"

Muziki ukapungua. Wapigaji wakatazamana. Mpigaji wa tuba alikuwa amestaafu mwaka uliopita, na hapakuwa na mwingine aliyeliweza.

"Hilo tutaliandika kwa namba tu," alisema Bendimasta.

"Hapana," alisema Mwalimu. "Yupo anayelipiga. Mnadhani mtaa huu umekosa usingizi wa alasiri kwa nini wiki hizi tatu? Kila siku saa tisa, kama ng'ombe anayezaa." Akamsukuma mdogo wake mgongoni. "Nenda."

"Dada, mimi nilikuwa napima uvujaji tu."

"Ulipima uvujaji kwa wimbo mzima. Nenda!"

Fundi Bati akavua aproni. Akaketi kwenye kigoda, akalipakata tuba, akajaza mashavu. Alichokipiga hakikuwa kigumu: noti nne zikishuka, noti nne zikipanda, hakukosea wala kuharakisha. Lakini zilikuwa pana na za moto, zikaingia chini ya wimbo ule uliokuwa unayumba, na wimbo ukasimama imara. Bendimasta aligeuka kumtazama. Hakumzuia. Alinyanyua tarumbeta yake na kuingia juu yake, wengine wakaja, na mtu wa maneno machache akawa anazungumza na mtaa mzima.

Nyundo alisimama pembeni, mikono nyuma, akipiga mguu chini. "Afande," alisema, "milango kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja uliowahi kunifungulia kitu kama hiki."

 Sajenti alikuwa amelaza daftari kifuani na kofia mkononi, na alikuwa anacheka peke yake kama msichana.

Alasiri mkuu wa kituo aliipokea ripoti yake, akaigeuza. "Vielelezo vimepatikana vyote?"

"Vyote, afande. Mlalamikaji amevitambua na kufuta malalamiko. Sahihi ya shahidi ipo, orodha ipo, nakala tumemwachia mwenye nyumba. Ameisoma."

"Na mtuhumiwa?"

"Ameajiriwa na mlalamikaji, afande."

Mkuu aliisoma ripoti tangu mwanzo. Kesho yake hati tatu mpya zilipofika kutoka mahakamani alizipitisha kwanza mezani kwa Sajenti, akasema azitazame namba.

Jumamosi ya pili Sajenti alipita kwa zimamoto akitoka zamu. Bendi ilikuwa uani, kati ya magari mekundu. Mtunza stoo alikuwa amerudi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akimwonyesha kila mtu picha za pacha. Fundi Bati alikaa safu ya nyuma kwenye sare iliyokuwa ya mtu mrefu zaidi, mikono imekunjwa mara mbili, tuba mapajani. Bendimasta alinyanyua kijiti. Wakaanza, na Fundi akaingia mapema, noti moja nzito peke yake ikatanda uwanja mzima. Bendi yote ikasimama. Akajificha uso nyuma ya tuba.

"Samahani," alisema.

Bendimasta alijaribu kukunja uso, ikamshinda. Wapigaji wakaangua kicheko, na Fundi mwenyewe akacheka akiwa ameziba mdomo wa tuba kwa kiganja. Kijiti kikanyanyuliwa tena, na safari hii wakaingia pamoja.